Habari ya Msiba Haipandi Basi

Kwa ambaye wiki iliyopita gazeti lilimpita, nitamsimulia kwa ufupi. Kurudia yote siwezi.

Mimi ni Esteria. Nina miaka ishirini na sita, nina shahada ya ualimu, na kazi sina. Huu ni mwaka wa tatu nasubiri ajira huku Heru Juu, nje kidogo ya mji wa Kasulu, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Nilikuwa nakaa na kaka yangu Renatus, dereva wa bodaboda. Mama yetu alikuwa Kibondo, miaka kadhaa sasa anamuuguza bibi.

Kila aliyepita mlangoni aliniuliza, "Mwalimu, ajira bado?" Nikaanza kuwakimbia watu, nikajificha kwenye simu. Humo nilikuwa Madam Esta, mwenye wafuasi elfu mbili na mia tatu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za ajira. Nililala nayo, nilikula nayo, nilikwenda nayo chooni. Bando likiisha kifua kinabana, nagombana mpaka na kuku wa jirani.

Jumatano jioni Renatus alianguka na pikipiki kwenye kona ya mteremko, si mbali na nyumbani. Akanipigia mara tatu. Mimi nilikuwa laivu, na mtu akikupigia ukiwa laivu, picha inaganda na watazamaji wanaondoka. Zote tatu nikazikata. Aliokotwa na mama muuza mkaa baada ya saa nzima, damu ikiwa imeshamwagika nyingi. Alhamisi, saa mbili asubuhi, akatutoka.

Hapo ndipo nilipoishia. Msomaji mmoja ameandika kwamba mimi ni muuaji. Dada yangu, ungesubiri kidogo, maana hujasikia ya Alhamisi yenyewe.

*

Saa mbili na nusu nilikuwa kwenye benchi la hospitali. Baba mdogo Reverien, mdogo wake baba, alikuwa amesimama mbele yangu, kofia mkononi.

"Nani amempigia mama yako?"

"Bado hajapigiwa."

"Asipigiwe na mtu. Nitaongea naye mimi."

Jana yake tulikuwa tumemwambia Mama kwamba Renatus ameumia mguu. Baba mdogo akapiga, na mzee yule ambaye dakika tano kabla alikuwa analia kama mtoto, sauti ikamtoka safi kabisa.

"Mwakeye, shemeji. Ndiyo, tuko naye. Amezidiwa kidogo. Madaktari wanahangaika naye. Panda basi la saa nne uje umwone."

Akasikiliza.

"Hapana, haongei sasa hivi, amechomwa sindano ya usingizi. Utamkuta. Ego, ndiyo, shemeji. Utamkuta."

Akakata simu. Akaegemea ukuta.

"Amesema atakuja na Zuleha, yule jirani yake muuza vitenge. Afadhali hayuko peke yake. Zuleha naye hajui, na asijue." Akanitazama. "Esteria, mwana wanje, unajua kwa nini nimesema uongo?"

Nilijua. Kila mtu kwetu anajua. Habari ya msiba haipandi basi. Mzazi haambiwi njiani kwamba mwanawe amekufa. Anaambiwa amezidiwa, anafika, anapokewa, anaketishwa kwenye mkeka. Mwanamke mmoja anakaa kulia kwake, mwingine kushoto, wa tatu nyuma amshike mgongo. Maji yapo karibu. Ndipo mtu mzima anamwambia.

Na kwa mama yangu haikuwa desturi tu. Baba alipofariki, mpumbavu mmoja alimwambia sokoni, katikati ya magunia ya muhogo. Alianguka palepale. Siku tisa hospitali, na akatoka na presha ambayo haijamwacha mpaka leo. Daktari alimwambia Renatus wazi: mshtuko mwingine wa namna ile, hatutamwinua.

Kwa hiyo kazi ya siku ile ilikuwa moja. Mama afike Heru Juu hajui, aketi, ashikwe, ndipo ajue.

Hata kichaa angeiweza kazi hiyo. Ilitaka kunyamaza tu.

*

Kabla hatujaondoka, nesi Ghati akanifuata. Ni dada wa Tarime, amepangiwa huku mwaka jana, na usiku kucha ndiye aliyekuwa na kaka yangu.

"Hii ilikuwa mfukoni mwake," akasema, akanipa simu ya Renatus imefungwa kwenye kitambaa. Kioo kilikuwa kimepasuka kona. "Mdogo wangu, nikuombe kitu. Usiifungue leo."

"Sitaifungua."

"Na hiyo yako nayo, izime. Umeishika tangu jana. Hata wakati tunamfunika ulikuwa umeishika."

Nikaitazama mkononi. Nilikuwa sijui kama nimeishika.

*

Nyumbani nilikuta wanawake kumi na wawili uani. Hakuna turubai, hakuna viti vya kukodi, hakuna kilio. Baba mdogo alikuwa ameamuru hivyo, ili Mama akishuka barabarani asione dalili yoyote. Walikuwa wamekaa na nyungo mapajani wanachambua maharage, kama watu waliokuja kusaidiana mavuno. Shangazi yangu Pelagia alikuwa akichambua huku machozi yanadondokea kwenye maharage, na sauti haimtoki. Akizidiwa anauma kitenge.

Nimewahi kuona misiba mingi. Nyumba nzima iliyozuia kilio chake sijawahi kuiona, na sitaki kuiona tena.

Mimi nikaenda kukaa nyuma ya jiko. Nikafungua kitambaa.

Ndiyo, niliifungua. Mlitegemea nini?

Renatus hakuwahi kufunga simu yake kwa namba wala alama. Alisema mwenye siri ndiye afunge. Nikaigusa, ikawaka, ikafungukia palepale alipoiachia. Nilitegemea kuona zile simu tatu nilizozikata.

Niliona uso wangu.

Ulikuwa ukurasa wangu. Kaka yangu, amelala kando ya barabara na mguu umevunjika, alikuwa ameingia kunitazama.

Na hapa kuna jambo ambalo wiki iliyopita niliwaficha. Niliona aibu. Leo nalisema.

Nilipokata simu ya tatu, jina lake lilitokea kwenye laivu. Rena wa Heru. Akaandika maneno matatu: "Esta pokea simu."

Niliyasoma. Niliyasoma kwa sauti, mbele ya watu mia na arobaini, nikacheka. Nikasema, "Jamani, karibu Rena wa Heru! Usikae kinyonge, gonga moyo hapo kwanza ndiyo tuongee."

Akagonga.

Moyo mmoja mwekundu ukapanda kwenye kioo. Nilifikiri ananitania. Yeye alifikiri akigonga nitapokea.

Nikamsoma mwingine.

*

Nilipokumbuka hayo nyuma ya jiko, kifua kilinibana mpaka nikaona giza. Nilitaka kupiga kelele na kelele zilikatazwa. Nilitaka mtu wa kumwambia, na wanawake kumi na wawili walikuwa hatua kumi kutoka pale, wote walinibeba mgongoni utotoni.

Sikwenda kwao.

Mkono ulikwenda wenyewe. Naapa sikumbuki kuamua. Nilitafuta kwenye simu yangu picha ya Renatus ya Pasaka, amevaa shati la bluu, anacheka meno yote nje. Nikaandika, "Pumzika kwa amani kaka yangu. Umeniachia nani." Nikaiweka stetasi.

Zikaanza kuingia. "Jamani Madam!" "Pole sana dia." "Nini tena?" Nyuso za kulia, mikono ya kusali, mioyo iliyovunjika. Kila mlio ulioingia, kifua kinalegea.

Nitawaambia ukweli, maana bila ukweli hadithi hii haina kazi. Nilipata nafuu. Kaka yangu hajapoa vizuri, na mimi nilikuwa natazama idadi ya walioona ikipanda. Kumi na mbili. Kumi na tisa. Ishirini na saba.

Kwenye thelathini na moja nikafungua nione ni akina nani.

Jina la juu kabisa, aliyeona sasa hivi: Zuleha Vitenge Kibondo.

*

Nilifuta. Vidole viliteleza mara mbili, mara ya tatu nikafuta. Ilikuwa imekaa dakika sita.

Nikatoka nyuma ya jiko. Nilimkuta baba mdogo mlangoni anatandika mkeka mwenyewe, anaunyoosha pembe kwa pembe.

"Baba mdogo."

"Njoo ushike huku."

"Baba mdogo, nimeweka stetasi."

Hakuelewa. Mzee wa miaka sitini na nne, ana simu ya kitochi. Nikamweleza. Nikamwambia ni kama tangazo, kwamba kila mwenye namba yangu anaweza kuliona, kwamba Zuleha ameliona, na kwamba Zuleha amekaa siti moja na Mama.

Nilisubiri kibao. Nilikitamani.

Akakaa chini, kwenye udongo, pembeni ya ule mkeka. Akaweka kofia yake kwenye goti.

"Nani amekufundisha," akauliza polepole, "kumlilia ndugu yako kwa watu usiowajua, kabla mama yake hajamlilia?"

Nikapiga magoti. "Nisamehe."

"Msamaha baadaye. Mpigie huyo Zuleha. Weka sauti nje, nami nisikie."

Nikapiga. Uani nyungo zilinyamaza.

Iliita. Ikaita. Ikapokewa, na kukawa na makelele ya watu.

"Esteria?" Zuleha alikuwa ananong'ona. "Subiri, nisogee. Basi limesimama hapa Mvugwe, watu wananunua mahindi." Tukasikia anatembea. "Mwanangu, kwani kweli?"

Baba mdogo akaitika yeye. "Kweli, bibie. Mama yake amejua?"

"Ya Rabi. Mie sikujua kama ni siri, nisameheni. Nimefungua simu nikamkuta Renatus yule pichani. Sikumwambia kitu, naapa. Ila..." Akasita.

"Ila nini?"

"Ila mdomo ulinitoka. Nikasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kwa sauti. Yuko ubavuni kwangu."

Shangazi Pelagia akajishika kichwa.

Mama ni Mkatoliki, anatoka kanisani na rozari shingoni. Lakini miaka yote aliyokaa Kibondo, ukuta wake na ukuta wa Zuleha ni mmoja. Amepika nao pilau za hitima, amekaa nao matangani. Maneno yale anayajua. Anajua hayasemwi kwa mgonjwa wa mguu.

"Akasemaje?" baba mdogo akauliza.

"Akaniuliza, nani Zuleha? Nikatazama huku na huku, nikasema mjomba wangu, mjomba wangu wa Ujiji amefariki." Sauti ya Zuleha ikakatika, akalia kidogo, akajikaza. "Baba, kama mngemwona! Amenishika mkono mwanamke yule. Amenikumbatia kabisa. Ananiambia, pole Zuleha, jikaze mama, Mungu hakuachi. Ananibembeleza mimi! Ananifuta machozi kwa upindo wa kitenge chake, na machozi yenyewe namlilia mwanawe."

Wanawake uani hawakuweza tena. Mmoja akainuka, akakimbilia shambani kwenye migomba, akiwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Lakini ameamini?" nikauliza.

"Ameamini. Ameniambia nikifika Kasulu niunganishe gari la Kigoma nimuwahi marehemu, yeye atajifikisha Heru Juu mwenyewe."

Baba mdogo alifumba macho. Midomo yake ikatikisika, nikajua anashukuru. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Kicheko kidogo cha mtu aliyevutwa shimoni. Nikaona kwamba Mama atafika. Atakaa kwenye mkeka huu. Shangazi kulia, mke wa jirani kushoto. Kosa langu lingemezwa na mjomba wa Ujiji, na duniani lisingejulikana tena.

"Zuleha," baba mdogo akasema, "rudi ukae naye. Usimwache hata dakika. Mzungumzishe mambo mengine."

"Narudi. Ila hayupo dirishani." Tukasikia pumzi zake. "Kumbe ameshuka na yeye. Namwona kule, kando ya barabara, amenipa mgongo. Ngoja... Ee Mola."

"Nini?"

"Yule mjomba wa Ujiji. Nilimzika mwaka juzi. Na Mama Rena alikuja hitimani."

Baba mdogo akaisogelea simu.

"Sasa ametoa simu yake," Zuleha akasema. "Anabonyeza. Sijui anampigia nani."

Sisi tulijua kabla yake. Mapajani kwangu, ndani ya kitambaa cha hospitali, simu ya Renatus ikaanza kulia.

*

Alikuwa ameiwekea wimbo wa kwaya ya kigango chetu, ule wenye sauti yake mwenyewe ya besi ndani. Kaka yangu akaimba pale uani, mbele ya mkeka. Kwenye kioo kilichopasuka kuliandikwa neno moja: Mama.

"Usipokee," baba mdogo akasema.

"Nisipopokea atajua."

"Ukipokea atajua. Nilimwambia amelala. Mgonjwa aliyelala hapokei simu. Iache iite."

Nikaiacha. Iliita mpaka mwisho. Simu ikanyamaza, na mimi nikavuta pumzi.

Ikaita tena.

"Iache," akasema baba mdogo, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Ikanyamaza.

Ikaita mara ya tatu.

Wasomaji wangu, mnajua mimi na simu ya tatu. Jumatano nilipigiwa simu tatu na mtu aliyekuwa anakufa, nikazikata zote kwa kidole hikihiki. Shangazi Pelagia ananitazama. Baba mdogo ananitazama. Nilifikiria presha ya Mama, na barabara ile, na kwamba amesimama peke yake bila mtu kulia wala kushoto wala wa kumshika mgongo. Nilijua lililo sahihi ni kuiacha iite. Mpaka leo wazee wananiambia hivyo.

Sikuweza. Kidole kikapokea.

Nikaiweka sikioni, sikusema kitu. Kulikuwa na upepo, na muungurumo wa basi, na mtu anayeita wateja wa mahindi.

"Renatus?"

Niliuma mkono wangu.

"Renatus, mwana wanje, sema hata neno moja. Hata ukikohoa tu nitakujua."

Kwa mbali nilimsikia Zuleha anakuja mbio, anamwita, "Mama Rena! Mama Rena!" Mama hakumjibu. Alikuwa anasikiliza. Nilijitahidi nisipumue, nikashindwa, pumzi ikatoka vipandevipande.

"Esteria."

Hakuuliza. Aliita tu.

"Ni wewe. Nakujua unavyopumua tangu nakunyonyesha."

"Ndiyo, Mama."

"Ego. Vizuri."

Kisha sauti yake ikawa ya chini na ya taratibu, kama ya mtu aliyebeba mtungi uliojaa hadi mdomoni.

"Sasa mpe kaka yako simu."